Fulana ya Tatu

Miaka kumi na moja nilivaa fulana mbili chini ya kanzu,
Maskati, Julai, jasho likishuka mpaka kwenye viatu.
Ya kwanza ya kubana, saizi ya mtoto,
ya pili ya kuificha ile ya kwanza.
Wenzangu Al-Khudh wakaniona mtu wa baridi.
Na waone. Afadhali baridi kuliko lile jina
alilonibandika Muhanna, darasa la tisa,
siku tuliyokwenda kuogelea Wadi Shabu:
jina la kike, zuri kwa mwenyewe,
kwangu lilikuwa mwiba.

Mama akisema, nyama ya utoto hiyo, itakwisha.
Nikala majani. Nikakimbia pwani ya Qurum alfajiri
mpaka mbavu zikahesabika,
uso ukawa wa mtu aliyefiwa,
na viwili vile vikabaki palepale, vimenona,
kama wageni waliokuja harusini wakasahau kwao.

Dakta Shemsa alibonyeza kwa vidole viwili, kimya.
"Haya si mafuta. Ni tezi. Tezi haisikii mbio."
Akapima damu, akapima homoni,
akapitisha ile mashine yenye jeli baridi,
akauliza dawa ninazokunywa, na sigara.
Si saratani, akasema, wala hukukosea kitu.
Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitazama kifua
bila kucheka, bila kunionea huruma.

Wiki nne bila moshi. Mbili bila aspirini.
Hata habasoda ya mama ikafungiwa kabatini.
Usiku wa kuamkia Jumapili nikalala tumbo tupu,
saumu isiyo na daku.

Asubuhi akanichora nimesimama,
kalamu ya zambarau, duara ndani ya duara,
ramani ya nchi inayokaribia kufutwa.
Hesabu kurudi nyuma, nesi akaniambia.
Nikahesabu kwa Kiswahili. Kumi, tisa, nane.
Saba sijaiona mpaka leo.

Nikaamka na mirija miwili, kila mmoja na kichupa chake,
ndani maji ya rangi ya komamanga la Jabal Akhdhar.
Baba akaandika ujazo kwenye daftari la bili za umeme:
themanini. Arubaini na tano. Kumi na mbili.
Baba huyu, ambaye miaka yote ile
hakuwahi kulitamka mbele yangu neno kifua.
Njia ya kurudi nyumbani, kila tuta
alilipanda kama amepakia mayai,
magari nyuma yakipiga honi, asiyajibu.
Yeye! Asiyekuwa na subira hata na taa ya kijani.

Mikono isipande juu ya mabega.
Sala haikunishinda, sisi kwenye takbira hatuinui mikono.
Kilichonishinda ni kanzu.
Nilisimama chumbani nimeishika kama mtoto, inanitazama.
Baba akaja na mkasi wa jikoni,
akaipasua mbele, toka shingo mpaka pindo,
furakha ikabaki inaning'inia upande mmoja.
"Vaa sasa," akasema, na akatoka haraka.

Fulana ya tatu nilipewa hospitali,
rangi ya ngozi, vishikizo ubavuni,
usiku na mchana, wiki sita.
Hii ilibana kuliko zile.
Lakini yenyewe ilikuwa na tarehe ya kuvuliwa,
imeandikwa kwenye kadi, kwa wino.

Sitasema nimetoka kama nilivyoota.
Kifua kiligeuka zambarau, kijani, kisha manjano.
Kushoto pana kishimo kidogo.
Kulia ganzi bado, nikigusa ni kama nagusa mtu mwingine.
Kovu limejikunja ukingoni mwa chuchu,
jembamba, mwezi wa siku moja.

Jana nilikwenda Ruwi, kwa fundi Rafiqul,
kushona badala ya ile iliyopasuliwa.
Nikachagua kitambaa chepesi kabisa, kile kinachoonyesha.
Nyanyua mikono, akasema.
Nikanyanyua.
Utepe ukazunguka kifua, akataja namba,
akaiandika kwa chaki.
Nikamwomba apime tena.